Bahari Isiyojua Kupwa

Haya, sogeeni karibu. Huyu hapa ni Mwanakheri. Ana miaka sita, na kumridhisha si kazi ndogo.

Kwao ni Mombasa. Likizo hii amesafiri mbali, mpaka Ufaransa, kwa shangazi yake Rukia.

Shangazi Rukia anafanya kazi bara, mbali na maji. Leo amempeleka Mwanakheri pwani ya kule, katika mji wa Nisi. Jua linawaka kutwa nzima. Wenyeji wanajisifu nalo, utadhani wamelitengeneza wao.

Kwapani Mwanakheri amembana Bi Leso. Bi Leso ni mwanasesere. Nyanya alimshona kwa kipande cha leso yake, akamjaza vitambaa tumboni. Bila Bi Leso, Mwanakheri halali. Hata akiimbiwa.

Na Shangazi kwapani amebana kitabu. Ni kitabu kinene cha wasafiri. Kinawaambia watu wazima waende wapi, wale nini na washangae wapi.

"Twende ufuoni!" alisema Shangazi. "Kitabu kimesema, usikose!"

Kwacha, kwacha, kwacha. Wakakanyaga ufuo. Mchanga hakuna. Ni mawe matupu!

Mwanakheri akabetua midomo.
"Nyoo! Ndiyo hii?"

"Watu hutoka dunia nzima kuja kuiona pwani hii, mwanangu."

"Na mchanga wao wameusahau wapi?"

Juu ya mawe watu walikuwa wamelala, wamejipaka mafuta, wameanikwa kama dagaa. Wakiiva upande mmoja, wanajigeuza upande wa pili.

"Shangazi, hawa kwao hawana kivuli?"

"Shh! Adabu, mama. Twende sokoni. Kitabu kimesema, usikose!"

Sokoni palikuwa na mkate mwembamba wa unga wa dengu, wa moto, umetoka jikoni sasa hivi. Mwanakheri akala kipande. Akala cha pili. Akala cha tatu, na cha Shangazi pia.

Akabetua midomo.
"Nyoo! Ndiyo hii? Hii ni bajia iliyokanyagwa."

Kisha akalamba vidole vyote.

BUUUM!

Njiwa wakaruka, paa! Mwanakheri akaruka pia, lakini usimwambie kwamba umejua.

"Ni mzinga huo," alisema Shangazi. "Hulia kila siku saa sita mchana. Kitabu kimesema, usikose!"

"Saa sita?" Mwanakheri akabetua midomo. "Nyoo! Mzinga ni wa Ramadhani. Unalia magharibi, watu wafuturu. Hawa wamefunga nini? Mimi nimewaona wote wanakula!"

Shangazi akafunua kitabu, ukurasa mwingine.

Alasiri wakapanda majabali, pembeni mwa ufuo. Kitabu kilisema hakuna mandhari nzuri kushinda hiyo.

"Tazama maji yalivyo buluu!" alisema Shangazi. "Sema kweli, Mwanakheri. Hupendi?"

"Maji haya?" Mwanakheri akainua mkono juu, aidharau bahari vizuri. "Maji haya si kitu!"

Mkono ulipoinuka, kwapa likafunguka.

Chubwi!

Bi Leso alikuwa ameanguka baharini. Vitambaa vyake vikanywa maji, naye akazama taratibu. Maji yalikuwa maangavu sana. Walimwona kule chini, amelala chali juu ya mawe, anawatazama.

Unadhani Mwanakheri alilia? Thubutu!

"Maji yakipwa, nitashuka nimwokote," alisema.

"Ndiyo," alisema Shangazi. "Tungoje maji yapwe."

Maana bahari ya Mombasa ina adabu zake. Inakuja, inajaa. Kisha inakwenda zake mbali, watu wakashuka kuokota kombe na kukimbiza kaa. Shangazi alizaliwa nayo. Mwanakheri alizaliwa nayo. Basi wakakaa juu ya jabali, wakangoja.

Shwaa, shwaa, ilifanya bahari.

"Yanapwa?"

"Bado."

Shwaa, shwaa.

"Sasa je?"

"Bado, mama."

Jua likaanza kushuka. Bahari ilikuwa palepale, kama mtu aliyekatazwa kuondoka.

Akapita mzee mmoja mwenye kofia ya majani, na mbwa wake mdogo. Akawauliza kwa Kifaransa, mnangoja nini? Shangazi akamweleza. Mzee akacheka mpaka kofia ikamwangukia mbwa.

"Anasemaje?" aliuliza Mwanakheri.

"Anasema..." Shangazi akakohoa kidogo. "Anasema bahari hii haipwi. Inashuka kidogo tu, kama kiganja hivi, basi. Imemaliza."

Mwanakheri akasimama. Akashika kiuno.

"Bahari kubwa yote hii, na haijui kupwa? Nyoo! Sasa inasifiwa nini?"

Lakini midomo haikubetuka vizuri safari hii. Ilikuwa inatetemeka. Machozi yakatoka, moja, mengine, yote.

"Shangazi, mimi nitalala na nani?"

Shangazi akafungua kitabu upesi upesi. Akafunua hapa, akafunua pale. Akaona mikahawa, maua, makanisa. Habari za Bi Leso hakuona.

"Kitabu cha bure!" alisema, akakitupa juu ya jabali.

Akavua viatu. Akavua saa.

"Nishikie mkoba, mama. Usisogee hapo."

Na lile gauni lake jipya, lenye maua ya manjano, hakulivua. Akajirusha nalo.

CHUBWI!

"Uuuwi! Baridi!" alipiga kelele Shangazi.

Akavuta pumzi, akazama. Miguu ikapiga juu, pa, pa, pa! Kisha miguu nayo ikapotea.

Mwanakheri akabana pumzi. Mzee akabana pumzi. Hata mbwa alinyamaza.

Mara, bwaa! Kichwa cha Shangazi kikaibuka. Nywele zimelala, macho mekundu, na mkono mmoja uko juu. Mkononi yuko Bi Leso!

Wale watu wa kuanikwa wakaamka wote, wakapiga makofi.

"Makofi ya nini?" alisema Mwanakheri. "Hawajaona mtu akiogelea?"

Lakini Shangazi alipopanda, Mwanakheri alimkumbatia hivyo hivyo alivyolowa. Akamkumbatia sana, na Bi Leso katikati, na maji yakawatiririka wote watatu.

"Shangazi, wewe ndiye mzuri kuliko mji huu wote," alisema.

Jioni, hotelini, Shangazi alimkamua Bi Leso. Akamkausha kwa mashine ya nywele, vuuuu, vuuuu, mpaka tumbo likapata joto.

"Chyaa!" Shangazi akapiga chafya.

"Afya, Shangazi."

Mwanakheri akamchukua Bi Leso, akaenda dirishani. Bahari ilikuwa nje, imejaa, haina aibu.

"Wewe bahari, sikiliza," alisema. "Kupwa si kazi. Unarudi nyuma, taratibu, huna kelele. Tazama mimi."

Akarudi nyuma hatua moja.
"Hivi."

Akarudi tena.
"Na hivi."

Akarudi tena, na tena, Bi Leso kifuani, macho yakiitazama bahari, mpaka kitanda kikamgusa nyuma ya magoti.

Pu! Akaanguka chali juu ya shuka.

"Umeona?" aliuliza, akipiga miayo. "Haya. Sasa wewe..."

Shwaa, shwaa, ilifanya bahari.

Shangazi akamfunika, akazima taa. Kule nje bahari ilibaki palepale, haijajifunza kitu. Mwalimu wake alikuwa amekwisha kulala.