Ukurasa wa Arobaini

Mimi ndiye dereva wa basi la shule kijijini kwetu, kaskazini mwa Minnesota. Kila asubuhi nilisikia nyuma yangu ombi lilelile: "Aila, tupe jambo."

Aila ni mjukuu wangu, ana miaka kumi na miwili, na kichwa chake ni kabati la mambo ya ajabu. "Pweza ana mioyo mitatu," husema. Siku nyingine, "Kuna mnyama wa Australia, wombati, kinyesi chake hutoka na pembe kama dadu." Basi zima hucheka, nami hujifanya nakohoa. Kila jambo alilitaja pamoja na ukurasa wa kitabu, kwa hiyo hakuna aliyembishia.

Ijumaa moja ya Desemba kabati likawa tupu. Nels Halvorsen, wa darasa la chini yake, akamchokoza. "Leo umeishiwa, Profesa?"

Aila akatazama ziwa dirishani. "Barafu iliyofunikwa na theluji ni imara mara mbili ya barafu tupu," akasema. "Theluji huilinda. Ukurasa wa arobaini."

Nilisikia. Nikasema moyoni nitamsahihisha jioni. Jioni nikakaanga samaki, nikasahau.

Kesho yake asubuhi mimi na Aila tulikwenda ziwani kuvua samaki kupitia tundu la barafu. Upande wetu upepo ulikuwa umefagia theluji. Nikatoboa kwa keekee, nikapima: inchi tano za barafu safi. Zinatosha watu wawili, hata mmoja akiwa na makalio kama yangu. Ndipo Aila akanishika mkono.

Kule kijito kinakoingilia ziwani, Nels alikuwa akitembea juu ya theluji nene, ndoo mkononi.

"Nels, geuka," Aila akaita. "Hapo penye mkondo barafu ni nyembamba."

"Wee, nimeshakujua. Unataka nafasi yangu ya kuvua." Akapiga hatua nyingine. "Si wewe mwenyewe ulisema? Mara mbili."

Barafu ikalia, mlio mrefu kama ubao unaopasuka. Nels akasimama. Maji ya kijivu yakaanza kuloanisha theluji kando ya buti zake.

Ningemkimbilia, lakini uzito wangu ungetuzamisha sote. Wavuvi wengine walikuwa wamegeuka kutazama, na watoto wao, wale wale wa kwenye basi langu. Aila aliwaona.

"Nilidanganya," akasema kwa sauti ndogo.

"Hajakusikia," nikamwambia.

"Nilidanganya," akapaza sauti mpaka ikarudi kutoka msituni. "Hakuna kitabu, Nels. Nilibuni tu."

"Na ukurasa wa arobaini?" Nels akauliza, ndoo bado mkononi.

"Hakuna ukurasa wowote."

"Acha ndoo," nikasema. "Lala kifudifudi, mwanangu, jinyooshe. Geuka polepole, tambaa kwa njia uliyojia. Usisimame, hata wakikucheka."

Akatambaa. Barafu ikalia tena, na tena. Kucha za Aila zilikuwa zimeingia mkononi mwangu. Nels alipokaribia barafu safi nikamtupia kamba, tukamvuta kwetu kama gunia. Nyuma yake ndoo iliinama upande mmoja, ikazama taratibu.

Nilipokwisha kuwamiminia kakao ya moto, nikasema, "Theluji ni blanketi. Huzuia baridi isifike chini, na barafu haiongezeki unene. Mimi nilijua nikanyamaza, kwa hiyo wenye makosa tuko wawili. Lakini sikiliza, Aila. Usilolijua, sema hulijui. Watu hutembea juu ya maneno yako."

Aila akamgeukia Nels. "Nisamehe."

"Nitakusamehe ukininunulia ndoo," Nels akasema, meno yakigongana.

Jumatatu hakuna aliyeomba jambo kwenye basi mpaka Nels alipouliza, "Profesa, samaki mkubwa kabisa aliyevuliwa ziwani kwetu alikuwa na uzito gani?"

"Sijui," Aila akajibu. "Muulizeni Bibi hapo kwenye usukani. Alimvua yeye."

Miaka ishirini nimesema ratili thelathini. Nikatazama kwenye kioo, nikamwona Aila ananitazama.

"Kumi na moja," nikasema.