Barua Ambayo Kavindu Hakuiandika

Barua ilikuwa juu ya meza ya Inspekta Nthiwa, na Kavindu aliikodolea macho kama mtu aliyeitwa kutambua maiti.

"Si mimi nimeandika hiyo kitu, afande. Haki ya Mungu."

Inspekta aliisoma mara ya pili. Ndani yake Kavindu, mfumaji wa vyondo, vikapu vya mkonge, hapa Nunguni, alikuwa akikishukuru chuo kimoja cha sanaa kule Accra kwa kumchagua akafundishe ufumaji mwaka mzima. Kisha aliomba radhi kwamba hataenda. Kichwa cha barua kilikuwa kimepigiwa mstari. Baada ya kila nukta ziliachwa nafasi mbili, na ilifungwa kwa heshima zote za ofisini.

"Wewe huandika hivi?"

"Mimi? Mimi nasema 'habari' naingia kwa maneno."

Inspekta alicheka. Alikuwa mzaliwa wa Zombe, kwenye joto lake, na baridi ya Nunguni ilikuwa imemfanya mtu wa chai asubuhi na jioni. Alimmiminia binti huyo kikombe. Kavindu hakukigusa.

"Wenye chuo wanasemaje?"

"Niliwapigia simu wakanitumia hiyo barua. Wanasema niandike leo kabla ya saa sita mchana, kwa barua pepe ileile niliyojiandikisha nayo. Nikichelewa wanapea mtu mwingine. Na hiyo akaunti inanikataa! Mtu amebadilisha password."

Saa ya ukutani ilionyesha saa tatu na nusu.

Kavindu alimwonyesha ujumbe kwenye simu. Neno la siri lilibadilishwa Jumatatu saa tano asubuhi, kwa kutumia kompyuta, eneo la Nunguni. Aliyelibadilisha alijibu swali la siri na akapata kwa jaribio la kwanza. Simu ya Kavindu haikuwa na chaji siku hiyo, kwa hivyo aliuona ujumbe kesho yake, maji yamekwisha kumwagika.

"Na swali lenyewe lilikuwa gani?"

"Jina la nyanya yangu mzaa baba."

Inspekta alitua kikombe. Alijaribu kuwa mpole, akashindwa.

"Kavindu, wewe ni Mkamba au unaigiza? Binti wa kwanza huitwa nani hapa kwetu? Si huyo huyo nyanya? Kila mtu aliyewahi kukusalimia ana jibu lako!"

"Lakini afande..."

Afande alikwisha kusimama na kuvaa kofia. Polisi wana ugonjwa huo wa kuinuka kabla mtu hajamaliza kusema, na Nthiwa alikuwa mgonjwa mahututi.

"Kompyuta za kukodisha ziko kwa nani?"

"Kwa Aftin. Kwaya yetu nzima ya kanisani inasema ni yeye."

Aftin alikuwa kijana mrefu, mtu wa Mwingi, aliyefungua saiba yake karibu na soko mwaka uliopita. Alipoiona kofia ya polisi alishusha pumzi ya mtu aliyekuwa akiisubiri.

"Nimesikia naitwa mwizi, afande. Tangu jana hakuna mtu amekanyaga hapa."

"Jumatatu saa tano ulikuwa wapi?"

"Hapa. Siku ya soko. Kompyuta zote sita zilikuwa na watu."

"Unajua jina la nyanya ya Kavindu?"

"Si Kavindu? Mimi ni Msomali, lakini nimekulia na nyinyi huko Mwingi, hata mimi najua vile mnaitana."

Jibu hilo lilimpendeza Inspekta. Mwenye hatia angesema hajui.

"Nani alikaa hapa Jumatatu ukamkumbuka?"

Aftin alifikiri kidogo, kisha akatabasamu licha ya shida zake.

"Mama mmoja. Kitambaa cheupe kichwani, kile cha kanisa. Sijui jina yake. Afande, huyo mama anapiga kibodi na vidole kumi! Haangalii chini hata kidogo. Watoto wa chuo walisimama wakamtazama."

Inspekta Nthiwa aliikumbuka ile barua mezani kwake. Vidole kumi. Nafasi mbili baada ya nukta. Kichwa kilichopigiwa mstari. Huyo alikuwa mtu aliyefunzwa taipureta.

Ilikuwa yapata saa nne na nusu alipofika nyumbani kwa Kavindu. Alimkuta mlangoni, chondo kisichokamilika mapajani, mikono imelala tu. Mamake alikuwa jikoni akisonga sima.

"Nithibitishie kitu kimoja," alisema Inspekta. "Jibu la swali ni Kavindu, sivyo?"

"Hapana, afande. Ndiyo nilikuwa nataka kukuambia. Ni Ndunge."

"Ndunge? Wewe si kifungua mimba?"

Kavindu aliteremsha sauti. "Watu wanadhani hivyo. Kulikuwa na dada mbele yangu. Wazazi wangu walikuwa Mtito Andei wakati huo, na yeye aliishi miezi minne tu. Yeye ndiye alipewa jina la nyanya mzaa baba. Mimi nikapewa la upande wa mama."

"Nani anajua?"

"Baba, lakini alishafariki. Mimi." Aligeuka kutazama jikoni. "Na mama."

Jikoni, mwiko ulinyamaza.

Kwaya yote ingeandika Kavindu. Aftin angeandika Kavindu. Inspekta mwenyewe, na ujuzi wake wote, angeandika Kavindu, na kompyuta ingemkataa. Huyu hakukosea hata mara moja.

Mama alitoka akijifuta mikono. Kitambaa cheupe kilikuwa kichwani.

"Mama, zamani ulifanya kazi gani?"

"Karani wa shule. Miaka thelathini na moja."

"Kwa taipureta?"

"Kwa taipureta, mwanangu." Aliketi kwenye kigoda bila kukaribishwa na mtu. "Usinizungushe. Ni mimi."

"Mama!" Chondo kilianguka.

"Nyamaza kidogo, nimalize kabla nguvu haijaniisha." Aliongea akimtazama Inspekta, si bintiye. "Mmoja nilimzika Mtito. Tulipohama, kaburi likabaki huko. Hapa hakuna mtu alinijua na huyo mtoto, hata mmoja. Sasa huyu akaniambia Accra. Nikauliza ni mbali aje, akasema ni ndege. Nikaona nabaki bila hata mmoja."

"Na neno jipya la siri uliweka gani?"

"Ndunge. Na siku aliyozaliwa."

Inspekta Nthiwa alikuwa ameshika kalamu. Alishindwa kuandika, akaiweka mfukoni. Alimhurumia mama huyo mno.

"Sheria inalijua kosa hili, mama. Na kijana wa watu ameitwa mwizi siku mbili. Kavindu, unashtaki?"

Kavindu alikuwa akilia kwa hasira, na hasira hiyo ilikuwa haki yake. Aliokota chondo chake.

"Sishtaki. Lakini aandike yeye. Aandike kwamba naenda. Na aombe Aftin msamaha mbele ya watu."

Saa tano na robo walikuwa saiba. Mama aliomba msamaha kwa sauti ya kusikika hadi sokoni, na Aftin akakataa malipo. Kisha vidole kumi vilicheza. Kichwa kilipigiwa mstari, nafasi mbili baada ya nukta, na barua ikasema Kavindu anakuja, ile ya kwanza ipuuzwe.

"Sasa password mpya," alisema Inspekta. "Maneno manne yasiyojuana, na namba katikati. Hakuna jina la mtu, wala mstari wa Biblia wa kanisani kwenu. Na swali la siri lidanganye. Likikuuliza nyanya, wewe jibu sufuria."

Mama aliinuka mwenyewe. "Ngoja nitoke nje akiandika."

Saa sita kasoro dakika saba jibu lilifika: nafasi yake ipo. Kavindu alipiga kelele iliyowatoa wauza maparachichi kwenye meza zao, akakimbia nje akamkumbatia mamake kwa nguvu.

Inspekta alivaa kofia. Alikumbuka kwamba password yake ya ofisini ilikuwa Nthiwa na moja mbele, akaona aibu, akaharakisha. Mlangoni alisimama.

"Kwaheri, Mama Ndunge."

Yule mama aligeuka. Kwa miaka ishirini na minane hakuna mtu aliyekuwa amemwita hivyo.

"Karibu tena, mwanangu," alisema, akitabasamu huku machozi yakimtoka. "Karibu sana."