Kura ya Bwana Haskett

Haya yalimfika rafiki yangu Obadia, bawabu wa Bunge la taifa letu changa la majimbo kule Annapolis, na yeye si mwongo kama mimi, Mungu anisamehe.

Alasiri moja ya theluji, kura ya kuwanunulia askari blanketi ilipungukiwa jimbo moja ili ipite, na jimbo halihesabiwi mpaka wajumbe wake wawili wawemo. Mmoja wao, Bwana Haskett, alikuwa amelala kwenye nyumba ya kupanga, mgonjwa wa homa na kikohozi kikavu.

"Kamlete, hata mgongoni," karani wa Bunge alimwambia Obadia. "Vijana wanaganda huko."

Obadia aliwafungia wajumbe kwa nje, kama ilivyo desturi, akaondoka na ufunguo.

Mama mwenye nyumba alitoka na beseni. "Umechelewa, baba. Amekata roho. Ndiyo kwanza nimemwosha miguu."

Akarudi kinyonge. Nyuma ya mlango alimsikia karani akiliita jimbo lile. Sauti moja ikajibu, "Ndiyo." Kikafuata kikohozi kikavu alichokijua, kisha sauti ya pili: "Ndiyo."

Akafungua. Ndani mlikuwa na kiza, mshumaa mmoja tu ukiwaka, na wajumbe walikuwa wakipongezana. Kiti cha Haskett kilikuwa kitupu. Kutoka kizingitini hadi kitini zilikwenda nyayo zenye maji za miguu mitupu, zikinuka sabuni, na za kurudi hazikuwepo.