Majina Mawili Aliyomtajia Mama

Saa kumi na mbili asubuhi Bibiana alikuwa tayari kwenye bomba nyuma ya bweni, peke yake. Nyumbani kwao Kilosa hakuwa mtu wa kuwahi kuamka. Hapa chuoni aliwahi ili aondoke na ndoo yake kabla wenzake hawajafika na kuanza kupiga soga. Alioga, akavaa sare, akaenda bwaloni kunywa uji. Alikaa kiti cha mwisho karibu na dirisha, akatoa simu na kuitazama kana kwamba kuna mtu amemwandikia. Mara nyingi hakukuwa na ujumbe wowote.

Chuo chenyewe kilikuwa pembeni mwa mji wa Mikumi, kikifundisha mapishi na huduma za hoteli. Wanafunzi wote hawakufika tisini. Mtu angedhani mahali padogo namna hiyo ni rahisi kuzoeana, lakini Bibiana aliona vingine. Aliugua homa wiki ya kuripoti, akachelewa siku nne. Alipofika, kila mtu alishajua anakaa na nani darasani na anakula na nani. Alisalimia, akaitikiwa vizuri, basi. Hakujua aseme nini baada ya salamu.

Mama yake, Hildegarda, alikuwa fundi cherehani katika soko la Kilosa. Kila Jumapili akitoka kanisani alimpigia simu. Jumapili ya kwanza alimuuliza kama ameshapata wenzake. Bibiana alikuwa amesimama mbele ya ubao wa matangazo, palipobandikwa zamu za usafi. Akasoma majina mawili ya juu.

"Ndiyo, mama. Kuna Yudith na Letisia."

Mama alishusha pumzi ndefu, akasema sasa atalala vizuri. Bibiana alijisikia amemfanyia mama yake wema.

Yudith na Letisia walikuwepo kweli, tena darasa moja naye, ila hakuwahi kuzungumza nao zaidi ya salamu. Tatizo ni kwamba Jumapili iliyofuata mama aliwauliza kwa majina. Ikabidi aongeze kidogo. Wiki baada ya wiki akaongeza tena, mpaka Yudith akawa ndiye anayemsuka nywele, na Letisia ndiye aliyempikia uji siku alipoumwa tumbo. Siku ile ya tumbo, kwa kweli, Bibiana alilala bwenini mchana kutwa na hakuna aliyejua.

Jumatano ya wiki ya saba mama alipiga simu ghafla. Alisema Jumamosi anakuja Mikumi kumwona. Alikuwa ameshona aproni tatu, moja ya Bibiana na mbili za rafiki zake, na mifukoni ametarizi majina yao kwa uzi mwekundu.

Bibiana alikata simu. Tangu hapo chakula hakikupita. Alhamisi, katika mafunzo ya vitendo, aliunguza vitunguu mara mbili, na Mwalimu Kornelio akamuuliza kama anaumwa. Akajibu kwamba hajambo. Huo nao ulikuwa uongo, na alishangaa ulivyotoka kwa urahisi.

Aliwaza kusema kwamba Yudith na Letisia wamesafiri. Akawaza kusema wamegombana naye. Jioni alimpigia mama na kumwambia Jumamosi kuna mtihani, asije. Mama akasema hakuna shida, atakaa nje ya geti asubiri mpaka umalizike. Bibiana akazidi kuingiwa na hofu, kwa maana sasa alikuwa na uongo mwingine wa kuulinda.

Ijumaa baada ya vipindi alimkuta Yudith akianua nguo. Yudith alikuwa msichana mrefu kutoka Kidete, mwenye kusema lililo moyoni. Bibiana alikusudia kumwomba jambo moja tu: ajifanye rafiki yake kwa saa chache. Alizunguka kamba ya nguo mara mbili kabla ya kumkaribia. Alipoanza, maneno yote yakamtoka kwa mkupuo, kuanzia ubao wa matangazo mpaka aproni. Alieleza akitazama chini.

Yudith alikunja shuka lake polepole.

"Sisi tulijua unaringa," alisema mwishowe. "Kila ukija bwaloni unashika simu. Letisia alitaka kukuita meza yetu wiki ya pili, nikamwambia akuache, hutaki watu."

Bibiana hakuwahi kufikiri kwamba anaweza kuonekana hivyo. Akasema kwenye simu hamna kitu, anaitazama tu ili asionekane amekaa bure. Kisha akauliza kwa sauti ndogo kama Yudith atamsaidia.

"Kumdanganya mama yako siwezi," Yudith alijibu. "Atanitazama usoni nitacheka au nitalia. Mwambie mwenyewe. Ukishamwambia, mlete jikoni. Kesho tunajipikia kwa vikundi, na mimi na Letisia tuko wawili tu."

Jumamosi kabla ya saa sita basi kutoka Kilosa liliingia stendi. Mama Hildegarda alishuka na mfuko mkubwa, vumbi likiwa limemjaa kwenye kitambaa cha kichwa. Bibiana alimwamkia shikamoo, mama akaitikia marahaba na kumkumbatia, na kabla hajamwachia akauliza Yudith na Letisia wako wapi.

Bibiana alimpokea mfuko. Alimwomba mama wakae kwanza kwenye benchi la stendi. Hapo akamwambia kwamba hakuna mtihani. Akamwambia kwamba wale wasichana wapo, lakini si rafiki zake na hawajawahi kuwa. Hakusukwa na mtu. Uji hakupikiwa.

Mama alifungua kitambaa cha kichwa, akakikung'uta vumbi. Basi alilokuja nalo likaondoka. Bibiana alitamani afokewe.

"Siku ulipoumwa tumbo," mama aliuliza, "ulikuwa na nani?"

"Peke yangu."

Mama alifuta macho kwa ncha ya kanga. "Na mimi siku hiyo nilikuwa dukani nacheka na wateja. Nawaambia mwanangu ana watu huko Mikumi." Kisha akasimama, akachukua mfuko wake na kusema twende.

Jikoni, Yudith na Letisia waliacha kazi na kumwamkia. Letisia, mfupi na mpole, aliinamisha macho kwa aibu. Yudith alisema waziwazi kwamba habari yote ameisikia jana, na kwamba wao pia walikosea kumhukumu mtu bila kumuuliza.  Mama alinawa mikono, akaomba kisu, akaanza kumenya ndizi.

Walipika wote wanne. Mwanzoni Bibiana aliogopa hata kuuliza chumvi iko wapi. Lakini Letisia alimpa mwiko akoroge nazi, na nazi haimsubiri mtu mwenye haya, ikabidi aongee. Wakiwa wanakula, Letisia alisimulia kwamba wiki ya kwanza naye alikuwa akilia bafuni kila jioni, mpaka Yudith akamsikia na kugonga mlango. Bibiana alimtazama kwa mshangao. Alikuwa amemwonea wivu msichana huyu siku zote.

Kabla ya kuondoka, mama alimpa Bibiana aproni yake, kisha akamkabidhi na zile mbili badala ya kuwapa wenyewe.

"Nilishonea hadithi," alisema. "Wewe ndiye utakayejua lini zimekuwa za kweli. Ukifika wakati huo, wape."

Wasichana wote watatu walimsindikiza stendi. Basi lilipowasha injini, mama alimshika Bibiana bega.

"Nisikilize vizuri, mwanangu. Ulidhani unaniondolea wasiwasi, kumbe ulikuwa unaniondoa mimi kwenye shida yako. Mtu anayekupenda hawezi kukusaidia kama unamwonyesha mambo mazuri tu. Na wenzako nao hawawezi kukukaribia kama hawajui unawahitaji. Ukiwa mpweke, sema. Inatia aibu kidogo, lakini aibu ya ukweli inaisha siku hiyohiyo. Ile ya uongo umeibeba wiki saba, mpaka imekukondesha."

Akapanda. Basi likakata kona kuelekea Kilosa. Yudith akasema sufuria bado hazijaoshwa na jua linazama, nao wakarudi kwa haraka, Bibiana akiwa katikati, akieleza jinsi alivyounguza vitunguu.