Kiti cha Nyuma

Jumanne ile haikuwa na lolote la kutisha, na msitegemee niwape radi na bundi juu ya paa. Jua lilikuwa linawaka, majirani walikuwa wameanika nguo zao, na Kibano alikuwa amekaa mezani kwenye chumba chake cha uani akiunda ndege.

Jina la Kibano alipewa kazini. Miaka thelathini alitengeneza meno ya bandia, na kwa kibano chake aliweza kushika kitu ambacho wewe na mimi tungehitaji miwani kukiona. Alipostaafu mikono ilikataa kukaa bure, akajitia kwenye vindege vya plastiki. Ni ndege za vita za zamani, ndogo, urefu wa mkono mmoja kutoka kiwiko hadi kifundo, zinazokuja ndani ya boksi zikiwa vipande vilivyoshikana kwenye fremu. Unakata kimoja kimoja, unapiga msasa, unagundisha, unapaka rangi. Shemeji yake, mke wa kaka yake, alikuwa akimtania kwamba mwanamume mzima anacheza na midoli, lakini Kibano hakuwa mtu wa kutaniwa. Tusipakane mafuta: alikuwa mtu wa kinyongo.

Kinyongo chenyewe chote kilikuwa cha mtu mmoja, kaka yake wa tumbo moja, aliyeishi vyumba vya mbele na mkewe. Nyumba waliachiwa na baba yao. Bomba moja, choo kimoja, na ndugu hao wawili walikuwa hawajasemeshana miaka kumi na moja, tangu siku waliyomzika mzee. Neno likitakiwa kutoka mbele kwenda uani, shemeji ndiye aliyelibeba. Mwambie huyo apunguze redio. Mwambie huyo azibe masikio. Mama wa watu aligeuzwa posta ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Na chanzo chake? Boksi. Baba yao alikuwa msafisha ndege, wale wanaoingia na mifagio abiria wakishashuka. Siku moja, wanawe wangali wadogo, aliwaletea boksi la ndege ya kivita ya plastiki, ya viti viwili: rubani mbele anatazama mbele, mpiga bunduki nyuma anatazama mkia, wamepeana migongo. Akawaambia ni yao wote. Hata halijafunguliwa, vita vikaanza. Walinyang'anyana, mkubwa akaponyoka nalo akakimbilia chumbani, mdogo akausukuma mlango kwa hasira zake zote, na kidole cha shahada cha mkono wa kulia wa kaka yake kikabaki upande wa pili.

Baba hakumpiga mtu. Alilichukua boksi akaliweka juu ya kabati, akasema litashuka siku watakapokaa meza moja. "Mmoja wenu akiliunda peke yake," alisema, "asije akasema sikumwambia." Hakuna aliyemuuliza alikuwa anawaambia nini. Boksi likakaa juu ya kabati hadi mzee akafa; siku ya maziko kila mmoja akadai ni lake, wakanuniana, nalo likaendelea kukaa, vumbi likawa nene kama blanketi.

Wiki tatu kabla ya Jumanne ile, Kibano alipanda juu ya kiti akalishusha. Jumamosi ya wiki ya Jumanne hiyo kungekuwa na maonyesho ya kazi za mikono kwenye ukumbi wa mtaa, na yeye alitaka kuingia na ndege ambayo hakuna mwingine angekuwa nayo. Hiyo ndiyo sababu aliyojipa. Ya pili aliijua moyoni, nayo ilikuwa kumkomoa kaka yake.

Kazi aliifanya, hilo hata adui yake angekiri. Mabawa yalikaa bila mwanya, rangi ikatulia. Kisha akafika kwenye sanamu mbili za kukaa ndani, kila moja ukubwa wa punje ya mahindi. Ya mbele akaichora sura yake mwenyewe, na upara wake na miwani. Ya nyuma akaichora sura ya kaka yake, na masharubu yake mazito na baka jeusi chini ya jicho. Aliifanya kwa brashi ya unywele mmoja, siku mbili nzima, akitabasamu peke yake. Mwisho akachukua wembe, akaibana sanamu ile, akaikata kidole cha shahada cha mkono wa kulia.

"Kaa nyuma," akainong'oneza. "Uangalie mkia."

Akazigundisha sanamu zote mbili kwenye viti vyake. Jumatatu akafunga kifuniko cha kioo cha mbele. Jumanne kikabaki cha nyuma tu.

Hapa lazima niwaeleze jambo moja la kazi yenyewe. Kioo cha ndege hizi ni plastiki angavu, nacho hugundishwa kwa gundi nyeupe, ile ya karatasi. Supaglu ni marufuku. Supaglu hutoa mvuke, na mvuke ukifungiwa ndani hugeuka ukungu mweupe unaoganda kwenye kioo, hautoki mpaka ukivunje. Hilo hata anayeanza leo huambiwa siku ya kwanza, na Kibano alilijua kuliko jina lake.

Sasa, akiwa ameshika kifuniko kile kwa kibano, kivuli kiliangukia meza. Kaka yake alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa hajawahi kukanyaga chumba kile, na sura yake haikuwa ya ugomvi, ilikuwa ya mtu aliyechoka. Akaitazama ndege. Akalitazama boksi la baba yao, limepasuliwa.

"Hiyo ilikuwa yetu wote," akasema.

Maneno manne, baada ya miaka kumi na moja. Kibano hakuinua uso. Hasira zilimpanda hadi kwenye masikio, mkono wake ukaenda mezani wenyewe, ukashika kichupa, ukapaka ukingo, ukabandika kifuniko, ukakandamiza. Alikandamiza hadi kaka yake alipoondoka. Alimsikia akikohoa mara moja uani.

Ndipo akatazama kichupa. Kilikuwa cha supaglu. Na ndani ya kioo cha nyuma weupe ulikuwa umeanza kupanda polepole, ukafunika masharubu, ukafunika baka, ukafunika uso wote. Kioo cha mbele kilibaki safi. Kibano alijitukana mwenyewe matusi ambayo siwezi kuyarudia hapa.

Jumatano kaka yake aliamka pumzi zimembana. Alhamisi shemeji alimpeleka hospitali. Daktari alipima kifua, akapiga picha, akasema mapafu ni masafi na njia ya hewa iko wazi, hata yeye haoni kinachomzuia mtu huyu kuvuta hewa. Wakarudishwa na dawa. Kibano aliwasikia wakiingia, akasikia ile pumzi ya kaka yake ikipita dirishani, fupi, ya kukwaruza. Akaongeza redio.

Ijumaa mchana shemeji aligonga. Hakuleta ujumbe safari hii. Macho yalikuwa yamemvimba, akamwambia Kibano kwamba mgonjwa anamwita, na kama ana chembe ya utu aende. Kibano alijivuta. Akasimama mbali na kitanda, mikono mfukoni.

Kaka yake alikuwa ameketishwa kwa mito. Midomo ilikuwa imegeuka rangi. Alimwashiria mdogo wake asogee, na Kibano, hajui kwa nini, akasogea.

"Niko mahali padogo," kaka alinong'ona. "Kioo kila upande. Cheupe. Sioni nje."

Akavuta hewa. Ikagoma. Akavuta tena.

"Kuna mtu nyuma yangu. Mgongo wake uko hapa, karibu kunigusa. Namwita. Haitiki."

Shemeji alisema anaweweseka, ni homa. Lakini mgonjwa hakuwa na homa. Alikuwa anamtazama mdogo wake machoni, na chuki haikuwemo kwenye macho yale. Kulikuwa na ombi tu.

"Mdogo wangu," akasema. "Fungua."

Kibano alitoka mbio. Alijifungia chumbani, akavuta ndege, akachukua wembe, akaweka ncha yake kwenye ungio la kioo cha nyuma. Msukumo mmoja tu ulitosha. Kioo kingepasuka, hewa ingeingia, basi. Na kazi ya wiki tatu ingekwenda na maji, kwa sababu kioo cha akiba hakikuwepo, boksi lile halitengenezwi tena popote.

Mkono ulitulia pale. Muda ukapita. Alianza kujisemesha. Yeye ni mtu mzima, mtu wa vipimo, anaamini mambo gani haya ya kitoto? Mtu hawezi kuzibwa pumzi kwa sababu ya punje ya plastiki. Na hata kama. Hata kama, maonyesho ni kesho saa nne asubuhi. Saa saba atakuwa amerudi. Kesho mchana atakifungua, kwa roho safi kabisa. Siku moja itamdhuru nini?

Akaurudisha wembe mezani.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Kulikuwa na vikapu, vinyago, mashua ndani ya chupa, na vindege saba. Jaji alikuwa mama mmoja mzee, fundi saa, mwenye lenzi yake jichoni. Alipita meza kwa meza. Alipofika kwa Kibano aliinama, akakaa hapo. Akakaa sana.

"Huu ukungu ni kazi ya ufundi," akasema kwa sauti ya chini. "Lakini hiki kiganja umekichoraje kwa ndani?"

Kibano akauliza kiganja gani. Mama yule akamvulia lenzi akampa, akamwonyesha kwa ncha ya kalamu.

Palikuwa na alama kwenye kioo cha nyuma. Upande wa ndani. Weupe ulikuwa umefutwa mahali pamoja, padogo, si pakubwa kuliko mbegu ya ufuta. Kiganja cha kulia, kimekandamizwa kwenye kioo. Kidole gumba kilionekana. Vingine vitatu vilionekana. Cha shahada hakikuwepo.

Alipokuwa bado anatazama, alama ile ikashuka. Taratibu. Ikaacha mchirizi.

Aliomba kisu. Nawaambia aliomba, hilo nalisema kwa haki yake. Lakini jaji alimzuia kwa upole, akasema hakuna kugusa kazi hadi zawadi zitangazwe, nazo zitatangazwa saa sita kamili, zimebaki dakika ishirini tu. Na Kibano, ambaye angeweza kumsukuma bibi yule kwa kidole kimoja, alisimama. Alisimama akiikodolea macho kadi ya dhahabu ya mshindi wa kwanza iliyokuwa mkononi mwa jaji. Ukutani saa ilikuwa inatembea. Dakika kumi na tano. Kumi. Simu ikatetemeka mfukoni. Hakuipokea.

Walimpa nafasi ya kwanza. Watu walipiga makofi. Akashika kadi kwa mkono mmoja, simu kwa mwingine, akasoma ujumbe wa shemeji. Kaka yake alikata roho saa sita kasoro dakika tano.

Hapo ndipo alipokwapua wembe kwenye meza ya jirani akakimbilia yake, mbele ya kila mtu. Hakuuhitaji. Kioo cha nyuma kilikuwa kimebanduka chenyewe, kimelala kwenye bawa, kizima, hakina hata ufa. Akainama.

Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu. Palibaki nundu mbili za gundi.

Kioo cha mbele kilikuwa kimefungwa vilevile alivyokifunga Jumatatu, safi kabisa. Ndani yake aliiona sanamu ya upara na miwani. Nyuma yake, imebanana nayo kwenye kiti kimoja, ilikuwa ile nyingine. Haikutazama mkia tena. Ilikuwa imegeuka. Mkono wake wa kulia ulikuwa umenyooshwa, umeshika shingo ya aliyeko mbele.

Alijaribu kukibandua kioo kile. Alijaribu kwa wembe, ukavunjika. Alijaribu kwa koleo. Gundi nyeupe ya karatasi, inayotoka kwa kucha, ilikataa. Watu walianza kunong'onezana, akaifunga ndege kwenye shati lake akaenda nyumbani kifua wazi.

Chumba cha mbele kilikuwa kimya. Kaka yake alikuwa amelazwa, amefunikwa hadi kifuani. Shemeji alikuwa amekaa kando na beseni la maji na kitambaa, anamsugua marehemu vidole vya mkono wa kulia. Ncha zake zote zilikuwa nyeupe, zimeshikwa na unga mkavu mgumu. Alisema ameusugua tangu adhuhuri na hautoki, na hajui mumewe aliushika wapi, maana hakuwa ametoka kitandani tangu warudi hospitali. Hakuinua macho. Alisema tu kwamba mumewe alimwita mdogo wake hadi mwisho.

Kibano alipiga magoti pembeni ya kitanda. Alitaka kumwomba radhi, na kwa mara ya kwanza tangu utotoni alilia, kilio cha kweli, kichwa chini, paji la uso juu ya godoro. Nyuma ya shingo yake ikawa wazi mbele ya shemeji.

Maji ya beseni yaliacha kuchezacheza. Kitambaa kilianguka.

"Shemeji," yule mama alinong'ona. "Nani amekushika shingoni?"

Kibano akapeleka mkono nyuma. Ngozi ilikuwa ngumu, kavu, imeshikwa na kitu chenye chembechembe. Akapapasa kwa ncha za vidole, kama alivyozoea kupapasa meno kutafuta kasoro. Kidole gumba upande huu. Vingine vitatu upande ule.

Alifungua kinywa amjibu. Hewa haikuingia.