Tabaka la Sabuni ya Limau

Mchwa mia tatu walitoka kwenye kisanduku cha bati wakaingia chini ya boneti ya gari la marehemu. Kila mmoja alikuwa na ukubwa wa punje ya mchele, miguu sita ya chuma, na mdomo ulioweza kulamba, kusugua na kunusa. Hawakuwa mchwa wa kweli. Watu wa Mbeya waliwaita hivyo kwa jinsi walivyopanga mstari, na jina likashika hata kwenye maandishi ya kiwanda.

Sekela alisimama uani, kanga begani, akiwatazama wakipanda juu ya injini kama maji meusi yaliyosahau kushuka. Juu ya paa lake mabehewa ya kamba, yaliyoning'inia angani, yalipita kimya kuelekea mlimani, yamejaa watu wa asubuhi ya Jumamosi. Siku hizi karibu hakuna aliyekuwa na gari lake mwenyewe. Sekela alilihifadhi hili kwa sababu mumewe, Ambakisye, alifia ndani yake. Kaburini alikwenda mara moja kwa mwaka. Kwenye turubai lililofunika gari alikwenda kila jioni, miaka sita, kusali.

"Mama, mbona umesimama mbali hivyo? Hawang'ati."

"Sijasema wanang'ata. Wewe soma maelekezo, usije ukaniharibia gari."

"Gari halijawaka miaka sita. Nitaliharibu mara ngapi?" Tumpe alicheka, akainamia bamba la maelekezo.

Binti huyo alikuwa anaolewa Jumamosi iliyofuata. Wakwe walimwahidi chombo cha kupaa, cheupe, chenye maua ya taa, naye akakikataa. Alisema atakwenda kanisani kwa gari la baba, na hakuna aliyeweza kumbishia. Fundi wa mtaa wa pili alikuwa ameunyoosha mlango wa dereva uliobonyea. Ilibaki kusafisha sehemu ya injini, ndipo fundi huyo aje kujaribu kuliwasha.

"Injini iwe baridi," Tumpe alisoma. "Tayari. Chomoa waya hasi wa betri. Tayari. Mzunguko wa kwanza, mchwa wasome uchafu bila maji. Ndipo tulipo. Kisha funika kwa nailoni mdomo wa kuvuta hewa, jenereta na sanduku la bongo. Sabuni ipulizwe kama umande. Usirushe maji kwa bomba la presha, hata kama injini ni ya zamani, na hasa kama ni ya zamani."

"Rudia hapo."

"Wapi?"

"Kwenye bomba."

Tumpe akarudia. Sekela alishika ncha ya kanga yake, akaiviringa kidoleni mpaka kidole kikawa cheupe.

Magari ya miaka ile yalikuwa nusu kwa nusu. Mtu alishika usukani, lakini breki zilisikiliza bongo, sanduku dogo kama Biblia ya mfukoni lililokaa pembeni mwa injini. Siku ya ajali, kwenye mteremko wa barabara ya Tukuyu, bongo lilizimika na breki zikazimika nalo. Gari likajibamiza ukingoni upande wa dereva. Wakaguzi waliandika kwamba huenda fundi alilegeza waya. Fundi alikuwa Gwamaka, mdogo wake Ambakisye, aliyelihudumia gari Ijumaa, siku mbili kabla.

Simu ya Tumpe ililia. Alikuwa mshona gauni. Akaingia ndani akiongea, na kuahidi kurudi na nailoni.

Kisanduku cha bati kilizungumza kwa sauti ya upole, kama mhudumu wa kanisani anayewaonyesha wageni viti.

"Mama Sekela, usomaji umekamilika. Uchafu tusioujua hatuwezi kuuondoa salama, kwa hiyo nitakueleza. Tabaka la juu ni vumbi la turubai, miaka sita. Chini yake ni udongo wa ukingo wa barabara na chembe za kioo, siku moja. Chini yake, ndani ya plagi inayounganisha nyaya na bongo, ni sabuni ya vyombo yenye harufu ya limau, iliyosukumwa na maji ya presha. Imekula nyaya nne kati ya tisa. Chini ya sabuni ni grisi mpya ya fundi. Fundi alifunga vizuri. Raba ya plagi huzuia mvua, haizuii presha. Nifute?"

Sekela aliitazama plagi. Akili yake ilikuwa imerudi kwenye Jumamosi nyingine, ya miaka sita iliyopita.

Kanisani kwao gari jipya liliombewa boneti ikiwa wazi, na mchungaji aliweka kiganja juu ya injini yenyewe. Gari hilo Ambakisye alilipata likiwa limetumika, na injini yake ilikuwa nyeusi kwa mafuta. Sekela aliona aibu. Kiganja cha mtumishi wa Mungu kichafuke kwa uchafu wa nyumba yake? Ambakisye alipokwenda mazoezi ya kwaya, aliazima bomba la presha ambalo jirani alioshea banda la nguruwe, akachukua sabuni ya jikoni, akaosha mpaka chuma kikaonyesha sura yake. Hakufunika kitu. Hakumwambia mtu, alitaka waone wenyewe.

Jumapili waliona. Mchungaji alisema injini inameremeta kama roho iliyosamehewa, na waumini wakapiga makofi. Saa tisa alasiri hiyo Ambakisye akaondoka kwenda Tukuyu kumwonyesha mama yake gari.

Msibani, mbele ya watu wote, Sekela alimnyooshea Gwamaka kidole. "Mikono yako ndiyo ya mwisho," alisema. Gwamaka akainamisha kichwa. Baada ya hapo wateja walimkimbia, gereji ikafungwa, na sasa alikuwa akiziba matairi ya baiskeli Uyole. Jina lake halikuwa kwenye orodha ya harusi. Kuelekea madhabahuni Tumpe angeshikwa mkono na mzee wa kanisa.

"Nifute?" kisanduku kiliuliza tena. "Kwa sheria ya siri za nyumba, nikishafuta ninasahau. Hakuna nakala."

Sekela alifumba macho asali, na maneno yaliyokuja yakawa yale yale ya kila jioni, yaliyozoea ulimi wake: Bwana, msamehe Gwamaka. Alifungua macho haraka. Miaka sita alikuwa amesimama hapa, hatua moja kutoka kwenye sabuni yake mwenyewe, akimwombea mtu mwingine msamaha.

Tumpe alitoka na mifuko ya nailoni. "Imesema nini?"

"Imesema tusubiri," Sekela alijibu. "Mpigie baba yako mdogo. Mwambie ninamwomba aje."

"Baba mdogo Gwamaka? Mama, uko sawa?"

"Mpigie, mwanangu."

Gwamaka alifika adhuhuri kwa behewa la kamba, na sanduku lake la zamani la vifaa. Alikuwa amekonda. Alimsalimu Sekela kwa mbali, kama mtu anayesalimia nyumba yenye mbwa.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Sogea, uangalie. Mashine, mwambie ulichoniambia mimi."

Kisanduku kikarudia yote, kuanzia vumbi mpaka grisi. Tumpe alisikiliza, mifuko mkononi. Kilipofika kwenye limau alimtazama mama yake, kisha akaketi taratibu kwenye ngazi.

Gwamaka hakugusa kitu. Aliinama, akanusa.

"Leo harufu haisikiki," alisema. "Siku ile nilifika kabla ya wakaguzi. Nilipofungua boneti, palinukia kama jikoni kwako, shemeji."

"Ulijua."

"Nilijua."

"Ukanyamaza nikakusema mbele ya watu."

"Ulikuwa umetoka kumzika mume. Nilisema nitakueleza baada ya arobaini. Arobaini ikafika, nikasikia umeanza kula. Nikasema, aendelee kula kwanza. Halafu mwaka ukapita, na neno lenyewe likazidi kuwa zito."

Juu yao behewa lilipita, kivuli chake kikatambaa juu ya injini na kuondoka.

"Nilikusema mbele ya watu," Sekela alisema. "Kesho, wakati wa ushuhuda, nitasimama niseme tena mbele ya watu."

"Subiri harusi ipite. Usimharibie mtoto siku yake."

"Na nani atamshika mkono?"

Gwamaka alitazama viganja vyake, vyeusi kwa gundi ya matairi. Tumpe alinyanyuka, akaja, akashika kimojawapo bila kukifuta.

"Nifute?" kisanduku kiliuliza.

"Safisha kwingine kote," Sekela alisema. "Plagi usiiguse mpaka nishuhudie."

Gwamaka alimpa mfuko wa nailoni na uzi. "Basi tunaanza na bongo. Livishe, zungusha uzi mara mbili, kaza."

Sekela aliupokea mfuko. Alilivisha lile sanduku lililokufa, akazungusha uzi mara ya kwanza, akazungusha mara ya pili, akakaza fundo, halafu akaushikilia uzi muda mrefu, kana kwamba mahali fulani, kwenye mteremko wa Tukuyu, bado kulikuwa na mtu anayekanyaga breki.