Baba Mtarajiwa

Lifti ya hospitali ilikuwa imekufa tangu asubuhi, na ukumbi wa chini ulijaa watu hadi pumzi zikagongana. Dada mmoja alisimama kando ya nguzo, gauni lake la bluu limegandamana na mgongo kwa jasho, akiwatazama wagonjwa wakisoma simu zao. Ndiyo kazi iliyomleta. Kampuni yao ilitengeneza programu ya simu ya hospitali ile, naye ndiye aliyetunga jumbe zote zinazowafikia wagonjwa. Alikuwa amechoka. Jumbe zile alizikata, akazishona, akazifumua tena, mpaka maneno yakamtokea puani.

"Nani huyu mwandishi?" sauti iliuliza kutoka mlango wa lifti uliobaki wazi. Fundi akajitokeza, ovaroli imelowa grisi, spana mkononi. "Mimi nahangaika humu, simu zinawaambia watu wapande lifti hadi ghorofa ya tatu. Kila mmoja anakuja kunitukana mimi!"

"Ni mimi," alisema yule dada.

Fundi alimtazama kuanzia viatu hadi nywele, hasira ikamponyoka. "Basi niandikie na mimi ujumbe mmoja, dada. Uniambie unatoka kazini saa ngapi."

Dada alicheka. Hakujua kama kicheko bado anacho.

Tangu hapo fundi akambandika jina, Kengele, kwa vile alikuwa akiwalilia watu kwenye simu kutwa nzima.

"Kengele wangu, umekula?"

"Nimekula. Na wewe, Fundi?"

"Mimi nimekula matusi tu, lakini nimeshiba."

Walipendana kama watu wazima waliochoka wanavyopendana, kwa simu za jioni zilizokatizwa na miayo. "Fundi, unakoroma?" "Hapana, nakusikiliza kwa pua." Lakini kulikuwa na asubuhi ambazo Fundi hakupatikana, na akiulizwa alijibu lile lile: "Nina shughuli ya nyumbani, mpenzi. Nivumilie."

Mchana mmoja walikuwa mkahawani karibu na ofisi. Fundi alikwenda kunawa, simu yake ikawaka mezani.

"Baba mtarajiwa! Kesho asubuhi wewe na mwenza wako mnasubiriwa kliniki ya wajawazito."

Kengele hakuhitaji kurudia kusoma. Maneno yale aliyaandika mwenyewe. Alibishana na meneja kikao kizima akiyatetea, akisema yana joto. Sasa yalimwunguza.

"Hongera, baba mtarajiwa," Kengele alimwambia fundi aliporudi, maji yakimdondoka vidoleni.

Fundi akaitazama simu, akafumba macho. "Siyo unavyofikiri."

"Huyo mwenza ni nani?"

"Siwezi kusema. Si siri yangu. Niamini tu, Kengele."

"Na wewe niamini, nimeshiba." Akabeba mkoba wake, sahani haijaguswa.

Wiki zikapita. Fundi alipiga, Kengele hakupokea; aliandika, hakufungua. Kazini aliketi mbele ya kompyuta akitunga maneno ya kuwatia moyo watu asiowajua, na moyo wake mwenyewe ukiwa umelala chali. Meneja akapita nyuma yake. "Hapo ongeza furaha kidogo." Aliongeza.

Kisha, adhuhuri moja, namba ngeni ikapiga.

"Wifi, hujambo?" Ilikuwa sauti ya kike, nyembamba.

"Umekosea namba, dada."

"Sijakosea, namba nimeitoa kwenye simu ya kaka. Mimi ndiye yule mwenza." Akacheka, kicheko kikaishia kwenye guno. "Fundi ni kaka yangu, tumbo moja. Mume wangu yuko mbali kikazi, ndiyo maana kliniki waliandika namba ya kaka. Mimba zangu za nyuma zilitoka, wifi. Hii niliapa asijue mtu mpaka mtoto alie, nikamfunga kaka mdomo. Sikujua namharibia na yeye."

Kengele akavuta mkoba wake. "Uko wapi sasa?"

"Hospitali. Presha imepanda, wananipeleka kupasuliwa. Kaka yuko nje peke yake, na hajala. Mwendee, tafadhali."

Aliiacha kompyuta inawaka.

Alimkuta kwenye benchi la korido, shati limefungwa vifungo kombo, kichwa kimeegemea ukuta. Akaketi kando yake, akampa mkate alioununua getini. Fundi aliushika tu.

"Ule ujumbe niliuandika mimi," Kengele alisema. "Sikuwaza kwamba mwanamke anaweza kuletwa na kaka yake."

"Ungeniuliza."

"Nilikuuliza."

Fundi akafikiri. "Kweli. Uliniuliza."

Kitanda cha magurudumu kikapita, kikilalamika.

"Nimechoka, Kengele," alisema fundi. "Nimechoka kubeba mambo bila wa kumwambia. Maneno matamu leo sina. Nataka nikuoe."

"Hata shati hujafunga vizuri."

Kengele akaanza kuvifungua vifungo na kuvifunga upya, kimoja kimoja. Hakusema ndiyo, wala hakusema la.

Mlango ukafunguliwa. Mkunga akatoka, barakoa imeshushwa kidevuni.

"Mama yuko salama. Mtoto ni mdogo sana, tumemweka kwenye mashine ya joto, lakini analia vizuri tu. Wanaingia ndugu wa karibu peke yao." Akamgeukia Kengele. "Wewe ni nani wake?"

Fundi alifungua kinywa. Kengele akamtangulia.

"Mimi ni wifi yake."